Nilivyochora kitabu cha watoto cha historia ya vitu vitamu, nikakosea mwenye keki ya Kiganjo

Wakuu, habari zenu. Watu wa Thika Road nawasalimia kwanza, wengine pia karibuni.

Mimi hapa huwa nasoma napita, sijawahi kuanzisha uzi. Lakini hii kitu imenikalia kifuani mwezi mzima, na bibi yangu amesema nikimweleza tena mara moja ataenda kwao. So mtanivumilia nyinyi. Nitasema yote vile ilikuwa, hata pale naonekana mjinga.

Kazi yangu ni kuchora. Zile picha mnaona kwa vitabu vya shule, mtoto ameshika mwiko, ng'ombe anacheka bila sababu, ni watu kama mimi tunazichora. Naishi Membley, lakini tafadhali msinione sonko. Mwenye mshahara kwa nyumba ni bibi, mimi nina penseli.

Sasa mwaka huu editor mmoja akanipigia. Anataka kitabu cha watoto wa kama miaka tisa, kumi hivi. Historia ya dessert, kutoka kitambo sana mpaka leo. Picha kubwa, maneno machache. Na safari hii nichore na niandike mwenyewe.

Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Chapter za kwanza zilienda vizuri. Nikachora watu wa zamani wakipanda mti kutafuta asali, nyuki wamewazingira kila upande. Nikachora wakati sukari ilikuwa inafungiwa kwa sanduku na kufuli, tajiri anakwepa macho ya wageni asiombwe. Nikachora barafu ikibebwa kutoka mlimani ikiwa imefunikwa nyasi, ndio mfalme ale kitu baridi. Binti yangu Wanjiru, ana miaka tisa, alikuwa ananisimamia kama foreman. "Daddy, huyu mfalme hana meno, atakula aje?" Meno alikuwa nayo, ni vile nilikuwa nimesahau kuyachora.

Shida ilianza nilipofika chapter ya kwetu.

Dessert gani, jameni? Mimi nimelelewa Kiganjo, Thika, kwa ploti ya vyumba nane, choo nyuma, mfereji mmoja katikati. Baada ya ugali na sukuma, kitu kilikuwa kinafuata ni kuosha sufuria. Ukiuliza "na baada ya hapo?" unaambiwa baada ya hapo ni kulala.

Lakini nikikaa nikifikiria, vitu vitamu vilikuwako. Ni vile havikuwa na saa yake.

Kulikuwa na barafu ya nylon, ile juice ya rangi imegandishwa kwa fridge ya kiosk, unauma kona na unanyonya mpaka nylon ibaki nyeupe na ulimi ubaki mwekundu hadi jioni. Kulikuwa na miwa, unamenya na meno na kutema makapi kwa mlango wa jirani, halafu unachapwa. Kulikuwa na ngumu, ile mandazi ngumu kama jina lake, unailoweka kwa chai mpaka ikubali.

Na kulikuwa na keki ya harusi. Hii wengi mtaikumbuka. Mama anaenda harusi Jumamosi, nyinyi mnabaki. Jioni mnamngoja kwa gate. Hakuna anayeuliza bibi harusi alivaa nini. Macho ni kwa handbag. Anafungua pole pole makusudi, anatoa serviette, na ndani kuna kipande cha keki kidogo kama kiberiti, kimekauka na kinanuka perfume yake. Mnagawana watatu. Haki ya Mungu, sijawahi kula keki tamu kushinda hiyo ya handbag.

Nimechora hiyo handbag ukurasa mzima. Editor alisema alilia, lakini huyo hulia hata kwa adverts.

Sasa, juu ya zote kulikuwa na keki ya mananasi ya mathe wangu.

Wale mmekulia na oven mtasikiza vizuri. Unachukua sufuria kubwa, unaweka mchanga chini. Ndani yake unaweka sufuria ndogo yenye unga umekorogwa. Unafunika, na juu ya kifuniko unapanga makaa yenye yamewaka. Hiyo ndiyo oven. Mathe alikuwa anaoka Jumapili baada ya kanisa, na jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Nekesa, alikuwa hapo naye siku zote. Alikuwa ametoka Bungoma kuja kufanya kazi kwa kiwanda cha mananasi, kule kumenya. Nekesa, firstborn wake, tulikuwa naye class moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku.

Harufu ya hiyo keki ilikuwa inatoa watu kwa vyumba vyote nane. Mzee mmoja wa chumba cha mwisho, mkali, hakuwa anasalimia mtu wiki nzima. Jumapili alikuwa anatoka na kikombe chake cha chai, anasimama tu pale kimya mpaka apewe.

Halafu ikaisha. Nilikuwa kama class six. Mama Nekesa alihama, na baada ya muda mathe akaacha kuoka. Nikajua amechoka tu. Watoto hawaulizi.

Basi nikaandika chapter ya mwisho. Kichwa, "Keki ya Kiganjo". Mstari wa kwanza: "Keki hii ilivumbuliwa na mama yangu, Mama Njoro, kwa jiko la makaa." Nikamchora mathe katikati akiwa mkubwa, na makaa yanawaka.

Nikampigia simu. Siku hizi anaishi Ngoingwa, tulimjengea huko. Wee, alifurahi! Kabla ya siku mbili kuisha, akina mama wa kanisa wote walikuwa wanajua kuna kitabu. Mmoja hata alinipigia kuuliza kama nitamweka na yeye na mukimo yake. Nikamwambia mukimo sio dessert. Akanikatia simu.

Lakini kuna kitu kimoja sikukumbuka, ile nanasi ilikuwa inaingia aje. Vipande? Juice? Nikamuuliza mathe. Akasema, "Andika tu mananasi."

Nikamuuliza tena, mangapi? Unayachemsha ama unayaweka hivyo hivyo?

"Njoroge, watoto hawatapika. Andika mananasi."

Wakuu, huyu ni mama ambaye akikueleza jinsi ya kuchemsha maji anaanza na mahali maji yanatoka. Hii ilinishangaza. Lakini editor alikuwa anataka kila kitu Ijumaa, na hii ilikuwa Jumatatu, so nikasema wacha niulize yule mwingine alikuwa hapo.

Nikamtafuta Nekesa online. Alinijibu kwa dakika tano, na emoji nyingi za makofi. Mamake anaishi Ruiru.

Ruiru! Boda ya dakika kumi kutoka kwangu. Miaka sita niko Membley, na huyo mama amekuwa hapo tu. Niliona aibu hata kabla sijafika.

Nilienda Jumanne asubuhi na drawings zangu kwa bahasha. Amezeeka lakini sauti ni ile ile. Alinishika uso na mikono miwili. "Mayi wee! Njoro wa kuku!" Akanipa chai na akanitazama nikinywa yote ndio akakubali tuongee.

Nikamtolea picha. Akavaa miwani. Akaanza kucheka.

"Haya makaa yote umeweka chini ni ya nini? Unachoma nyama? Moto mwingi ni juu. Chini ni kidogo sana, ile ya kushikilia tu."

Nikaandika. Nikamuuliza ya nanasi. Akanieleza bila kufikiria hata sekunde moja. Tunda lenyewe haliingii kabisa. Ni maganda na ule moyo mgumu wa katikati, unaosha vizuri, unachemsha na tangawizi na sukari nguru, ile ya miwa ya vibonge, mpaka maji yanakuwa mazito na ya brown. Hayo ndiyo yanaingia kwa unga pahali pa maziwa, na kidogo yenye yamebaki unamwagia keki ikiwa bado moto. Sukari nguru alikuwa anatoka nayo kwao Bungoma kila akienda. Kuoka na makaa alifundishwa na mamake. Maganda yalikuja hapa Thika, kwa sababu maziwa hayakuwa yanapatikana kila siku, na kwa sababu yeye tunda lenyewe alikuwa amelichoka kabisa.

"Ukimenya siku nzima unaona maganda yakienda kama mto," akasema. "Nikasema haya lazima yana kazi."

Mimi nikiwa bado naandika, yeye akasoma mstari wa kwanza.

Alisoma mara moja. Akatoa miwani, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Picha ni nzuri," akasema. "Mama yako ametoka vizuri."

Kalamu yangu ikasimama. Wakuu, mimi ni mjinga lakini sio sana. Nikamuuliza, "Mama Nekesa, hii keki ni ya nani?"

Akajaribu kuniongezea chai. Nikakataa. Nikamuuliza tena.

Akanieleza pole pole, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kulikuwa na harusi ya binti wa mzee wa kanisa. Yeye na mathe wakaombwa keki. Wawili waliioka siku mbili, sufuria tano, makaa gunia nzima. Mnajua kwa harusi zetu keki haikatwi tu. Mwenye ameioka anaitwa mbele, anaeleza keki. Anasema hii kubwa ni ya nani, hii ndogo ni ya wazazi, ndani mna nini, na watu wanampigia makofi na wanamwimbia. Ni heshima kubwa. Walikuwa wamekubaliana watasimama wote wawili. Mama Nekesa alikuwa hata ameshonesha rinda.

MC akaita, "Mwenye keki aje mbele!" Mathe wangu akasimama, akaenda. Akashika microphone. Akaeleza keki yote, mpaka maganda, mpaka sukari nguru. Na hakutaja mtu mwingine.

"Mimi nilikuwa nimeshainuka," Mama Nekesa akaniambia. "Nusu hivi. Watu wa nyuma wananiangalia. Nikajifanya nanyoosha rinda, nikakaa."

Alikaa kwa ile ploti miezi michache zaidi halafu akahama. Hawakugombana hata siku moja. Waliacha tu kuongea vile walikuwa wanaongea.

Nikamwambia nitabadilisha kila kitu leo leo.

Akashika bahasha yangu akaifunga. "Usibadilishe. Mama yako ni mzee sasa, na ameshaambia watu. Mimi sitaki aaibike juu ya keki."

Nilitoka hapo nikitembea tu. Boda watatu waliniuliza kama naenda, na sikujua kama naenda.

Hebu niwaulize, mngefanya nini? Ukiandika ukweli, unaanika mama yako mbele ya kanisa lake lote akiwa na miaka sabini na kitu. Usipoandika, unaibia huyu mwingine mara ya pili, na safari hii ni kwa kitabu, watoto wa watoto watasoma. Sikulala vizuri. Bibi akaniambia kitu kimoja tu, "Hiyo keki si yako kuamua. Enda kwa mama."

Jumatano nikaenda Ngoingwa.

Mathe alikuwa kwa uwanja anachagua maharagwe. Nikamwambia nimetoka kwa Mama Nekesa. Hakuinua macho.

"Nani alikutuma huko?"

Nikasema nilitaka kujua ya mananasi.

"Kwa hivyo umeenda kuchunguza mamako. Nimekusomesha ndio uende kunichunguza." Akasimama, akaingia kwa nyumba na sinia ya maharagwe, akafunga mlango. Mimi nikabaki nje na kuku. Mnaona maisha yangu hayajabadilika.

Nilingoja hapo kama nusu saa. Nilikuwa na hasira naye, nitasema ukweli, na pia nilikuwa namhurumia, na hizo mbili hazikai pamoja vizuri.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amelia na amejipanguza na leso.

"Njoro, nilienda mbele nikiwa na majina mawili kwa mdomo," akasema. "Nikataja langu. Watu wakapiga makofi. Hawakuwa wamewahi kunipigia makofi kwa kitu chochote, mimi mke wa fundi wa baiskeli. Nikasema wacha yapungue kidogo nitaje lingine. Hayakupungua. Halafu nikashuka."

Nikamuuliza mbona hakwenda kuomba msamaha kesho yake.

"Kesho nilisema nitaenda kesho."

Akakaa kwa ngazi kando yangu. Halafu akaniambia kitu sikuwa najua. Baada ya Mama Nekesa kuhama, alijaribu kuoka peke yake. Maganda yakawa yanatoka machungu. Hakuwa anajua yanachemshwa kwa muda gani, kwa sababu huo upande haukuwa wake. Yeye alikuwa wa makaa. Alioka za harusi mbili hivi na watu wakakula kwa heshima tu. Akaacha. Na hakuna mahali angeuliza.

Kumbe ndio sababu keki iliisha kwetu. Miaka yote hiyo nikidhani alichoka.

"Unipeleke Ruiru," akasema.

Nikamwambia si leo, apumzike. Akaniangalia ile kuangalia ya zamani. Nikaita gari.

Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisa. Njia nzima alikuwa anakinyoosha.

Mama Nekesa alifungua mlango akatuona. Hakusema karibu. Alisimama hapo, mathe akasimama hapo, na mimi katikati na bahasha yangu.

Mathe akasema, "Nilikuibia."

"Eeh," Mama Nekesa akasema. "Uliniibia."

Hiyo tu. Halafu akasogea kando tuingie.

Sitawadanganya ati walikumbatiana wakalia. Walikaa viti tofauti. Chai ilikuja na ikapoa. Mathe akasema jina lake litolewe kwa kitabu kabisa, lote. Mama Nekesa akasema hapana, hiyo itakuwa uongo mwingine, kwa sababu bila mtu wa makaa hakuna keki, na mkono wa makaa kama wa mathe hajawahi kuuona tena. Alisema hivyo akiwa bado amekasirika. Mathe akaanza kulia upya.

Mimi nikatoa karatasi mpya ili niandike ule mstari wa kwanza tena, wakiwa wote hapo. Nikaandika "Keki hii ilivumbuliwa na", halafu nikakwama.

Wakuu, sikuwa najua jina lake.

Nimekula kwa mkono wa huyo mama miaka mingi. Amenipaka mafuta ya taa nikichomwa na siafu. Na nilikuwa namjua kama Mama Nekesa tu, vile mathe ni Mama Njoro, vile wote kwa ile ploti walikuwa mama wa mtu fulani. Kitabu hakiwezi kuandika Mama Nekesa, Nekesa hakuvumbua chochote, alikuwa anafukuza kuku na mimi.

Nikaona aibu kuuliza. Nikauliza.

Kabla hajafungua mdomo, mathe akajibu kutoka kile kiti kingine.

"Rosebella Nafula," akasema. "Andika. Rosebella, halafu Nafula."

Mama Nekesa akageuka akamwangalia. Tangu bwanake afariki, alituambia baadaye, hakuna mtu alikuwa amemwita hivyo nje ya hospitali.

Halafu akaniambia, huku bado anaangalia mathe, "Na wa makaa ni Tabitha Wanjiru. Muweke hapo kando yangu. Mchore akipepea."

Nilichora hapo hapo kwa meza yake, Rosebella na huyo Wanjiru ambaye binti yangu ameitwa kwa jina lake. Kitabu kilienda Ijumaa na majina mawili.

Kwa wale wataniuliza recipe, nimeshaandika hapo juu, someni vizuri. Muda wa kuchemsha maganda siuwezi kuutoa, hiyo mathe bado anafundishwa kila Jumapili huko Ruiru, na anakaripiwa sana.

Funzo nililopata ni dogo. Nilikuwa nimechora wafalme, na matajiri wa sukari, na watu wa asali wa miaka mingi iliyopita, kila mmoja nimemtafutia nguo zake vizuri. Yule mwenye alinilisha kwa mkono wake sikujua anaitwa nani.

Sasa nataka kuwasikia nyinyi. Sitaki mniambie mlikuwa mnakula nini. Niambieni nani alikuwa anapika, jina lake mwenyewe, sio mama wa nani. Na kama hulijui, funga simu kwanza uende ukamuulize kama bado yuko.